Gramu Kumi na Nne

Mimi ni karani wa mizani, ghala la chama cha msingi, Kitangari.
Kazi yangu ni kutaja: jina, gunia, kilo.
Sasa mwenye kazi ya kutaja
akiota bibo kwenye mdomo wa chini,
atamwitaje Mbaraka? Atasemaje mbili, atasemaje pembejeo?
Midomo haikutani. Katikati pana mgeni
wa zambarau, laini, mwenye mapigo yake.
Wakulima walijifunza kunisoma vidole.

Lilianza kama doa la wino, nikiwa darasa la tano.
Nilipotimiza thelathini na moja lilikuwa linaning'inia
kama korosho inavyoning'inia nje ya bibo lake,
mbegu iliyokataa kukaa ndani.

Kila mtu alikuwa na jibu.
Shangazi Asumini: nilimcheka mtu msibani.
Jirani: nililamba mafuta ya ganda.
Fundi mmoja wa Mnyambe alilifunga uzi wa nailoni,
akaahidi siku tatu.
Usiku wa kwanza nilijaza bakuli la mboga.
Tangu hapo nililala chali, taulo shingoni,
nikiyaogopa meno yangu mwenyewe.

Ndanda, daktari Nandonde hakuuliza nilimcheka nani.
Alichukua kipande cha kioo, akabana taratibu.
Zambarau ikakimbia. Pakawa peupe kama tui.
Akaachia: ikarudi, bila haraka, kama mwenye nyumba.
"Umeona? Ni damu tu, inatembea.
Mishipa imeota pasipo mpango. Saratani siyo.
Lakini ukikata kwa pupa, haikusubiri."
Akataka chupa mbili za damu kabla ya kisu.

Shemeji Chilumba, niliyemnyima mkopo wa salfa,
alikunja mkono wa shati. Hakusema neno.
Ya pili aliitoa mwanafunzi wa uuguzi
ambaye hadi leo silijui jina lake.

Usiku ule nilimkumbuka bibi.
Alitobolewa mdomo wa juu akiwa binti,
akavishwa ndonya ya mpingo,
tundu likapanuliwa mwaka hadi mwaka.
Uzeeni aliivua; uji ukawa unapita pale
naye anajifuta, anacheka.
"Mimi walinikata nionekane," aliwahi kuniambia.
Nikawaza: na mimi kesho nakatwa nisionekane.
Niliilalia sentensi hiyo hadi alfajiri.
Haikuwa kweli yote.

Yaliyofuata nimesimuliwa.
Kwanza walifunga mishipa inayolilisha, mmoja mmoja,
kama mtu anavyofunga koki zote
kabla ya kugusa bomba bovu.
Kisha kisu kikachora herufi V.
Dakika hamsini. Chupa moja ikarudi kwenye jokofu.
Iliyotumika ni ya Chilumba.

Nilizinduka na mdomo mzito kama wa kuazima,
nyuzi nyeusi kumi na moja.
Nikaomba kalamu. Swali langu la kwanza:
lilikuwa na uzito gani?
Muuguzi alicheka, akaenda maabara kuuliza.

Gramu kumi na nne.

Korosho ghafi tatu, basi.
Mizani yangu ya ghalani haijongei kwa gramu kumi na nne.
Mshale unasimama palepale, nami natangaza: sifuri.
Nimetangaza hivyo misimu minane,
kipande hapa, kipande pale, mbele ya watu
waliokuwa wakinitazama mdomo tu.

Siku ya tisa nyuzi zilitolewa.
Nilikunywa uji kwa mrija hadi nikauchukia,
nikajifunza mbele ya kioo, mlango nimeufunga:
baba. bamba. bibo. bibo. bibo.

Msimu ulipofunguliwa, gunia la kwanza lilikuwa lake.
Midomo ilikutana. Kovu likauma kidogo.
"Chilumba," nikasema, na ghala zima likageuka.
Mshale ulicheza kati ya themanini na moja
na pale panapofuata.
Nikausubiri utulie, utulie kabisa,
ndipo nikasema mbili.